Palipotiwa Tiki

Ankara ya sevisi ya kilomita 40,000 kutoka kwa wakala wa magari huwa na mafungu matatu yenye bei: spea, oili na ufundi. Nyuma yake hubanwa karatasi nyingine isiyo na bei, orodha ndefu ya vitu vilivyokaguliwa, kila kimoja na tiki yake. Breki, bushi, mikanda, hosi, betri, matairi, usukani. Wenye magari wengi hugombana na yale mafungu matatu kwa sababu ndiko hela inakokwenda. Mimi nikiletewa ankara niisome, naanzia kwenye tiki.

Kwa wakala, filta haitoki stoo mpaka iandikwe kwenye jobu kadi kwa namba yake. Ikishatoka imehesabika: imefungwa kwenye gari, imebaki kwenye troli ya fundi, au imepita getini. Kazi inayoambatana na spea huacha alama mbili, moja stoo na nyingine garini, na yeyote anaweza kuzilinganisha. Kazi ya macho haiachi kitu. Fundi aliyelala chini ya gari na tochi akazitikisa bushi moja moja, na yule aliyepita pembeni akielekea kunywa chai, wote wanatia tiki ileile. Ndiyo maana mabishano ya "wakala ndio waaminifu" dhidi ya "wakala ni wezi waliovaa ovaroli safi" hayanifikishi popote. Karakana ni moja na mafundi ni walewale, lakini kazi moja itafanyika sawasawa na nyingine itaishia kwenye karatasi.

Chukua kazi iliyo nyepesi kuliko zote, kubadilisha oili, kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST, Probox na Axio nyingi za Dar es Salaam na Nairobi. Injini hiyo hupokea lita 3.7 filta ikibadilishwa. Ankara nyingi zitasema lita 4. Kama oili ni ya kwenye galoni, masalio ni yako na yawekwe kwenye buti. Kama imetoka kwenye pipa kwa bomba, mita ya bomba inajua ilitoa kiasi gani. Mimi kwa lita 0.3 sigombani na mtu. Nikipewa ankara hiyo natafuta mstari mwingine mdogo zaidi: washa ya bolti ya sampu, namba 90430-12031. Ni kiduara chembamba cha bei ndogo mno. Bolti ikikazwa, washa hubonyea na kujaza vijinafasi kati ya chuma na chuma. Ikirudishwa hiyohiyo sevisi inayofuata, tayari imeshabonyea, oili huanza kutona, na jibu la fundi ni kukaza zaidi. Bolti hiyo inataka mkazo wa nyutoni-mita 38 hivi, nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ikikazwa kwa hasira mara kadhaa, meno ya sampu huliwa. Ukiona washa imeandikwa kwenye ankara, mtu fulani aliifuata kazi hatua kwa hatua. Kwa fundi wa uchochoroni washa mpya ni nadra, si kwa ubaya wake, bali hana stoo ya kumkumbusha.

Hapo wakala anashinda. Ila jiulize aliyeifungua bolti ni nani. Sevisi ya kawaida ndiyo kazi ya kwanza anayopewa kijana mgeni karakanani, mara nyingi aliyetoka chuoni juzi au aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Fundi mwenye miaka ishirini ya gia boksi yuko upande wa pili na gari lililogoma kuwaka, kwa sababu huko ndiko uzoefu wake unakolipa. Mteja analipa bei ya jina kubwa, halafu gari lake linaguswa na mikono michanga kuliko yote pale. Si lazima iwe kasoro, maana kijana anayefuata kitabu hubadilisha oili vizuri tu. Taabu ni pale anapotakiwa kutoa hukumu: hii bushi imechoka au bado? Hukumu haimo kitabuni.

Na muda je? Kiwanda huipangia kila kazi saa zake, na mteja hutozwa saa hizo hata kama fundi amemaliza katikati yake au amekesha. Marekani utaratibu huo umekwenda mbali zaidi: mafundi wengi wa wakala hulipwa na wao kwa saa za kitabu, kwa hiyo anayemaliza magari mengi anapata mshahara mnono. Ukaguzi wa jumla hupewa muda kiduchu sana, au haupewi kabisa. Unatarajia nini kwa fundi ambaye kulala chini ya gari lako kunamkatia kipato? Atatia tiki na kuendelea. Au atatafuta kitu cha kukuuzia, kwa sababu kitu hicho ndicho kina saa zake.

Mfano unaojulikana zaidi wa njia hii ya pili haukutoka kwa wakala wa magari, ulitoka kwenye karakana za maduka ya Sears. Kashfa hiyo ililipuka mwaka 1992, baada ya wapelelezi wa serikali ya jimbo la California kupeleka huko magari ambayo breki pedi zake zilikuwa zimekwisha na mengineyo yako sawa. Yakatoka na kalipa mpya, shokapu mpya, springi mpya, na bili za kufanana na hayo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafanyakazi walikuwa wamewekewa malengo ya spea za kuuza, na waliokaa mapokezi walikuwa wakilipwa kamisheni. Mwenyekiti wa kampuni, Edward Brennan, alikiri hadharani kwamba mfumo wa malipo na malengo ndio uliozaa mazingira ya makosa hayo, na kamisheni ya watu wa mapokezi ikafutwa. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni namna mtego ulivyotegwa: serikali haikuhoji tabia za mafundi, ilipeleka gari ambalo hali yake ilikuwa imeshapimwa.

Mteja wa kawaida hana gari la mtego, lakini anaweza kudai vipimo. Simu ya kutoka karakanani inafahamika, huja mnamo saa tano asubuhi:

"Shikamoo mama. Gari lako liko juu ya lifti. Fundi anasema breki pedi za mbele zimekwisha, tukubadilishie?"

"Marahaba mwanangu. Zimebaki milimita ngapi?"

"Ah... ngoja nimuulize fundi, mama."

Kimya kile ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ili jibu lipatikane, mtu anatakiwa avue tairi, ashike kipimo, asome. Pedi mpya huwa na milimita kumi au zaidi kidogo. Nyingi hubadilishwa zikifika tatu. Safari ile jibu lilirudi: nne na nusu. Hizo hazijakwisha, zinakaribia, na gari liliondoka nazo. Tangu hapo naomba namba kwa kila tiki inayoweza kuwa namba: kina cha kashata za matairi kwa milimita, volti za betri injini ikiwa imezimwa (betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6), unene wa pedi kila gurudumu. "Iko vizuri" inaandikika ukiwa umekaa kwenye kiti, milimita nne na nusu haiandikiki hivyo, labda mtu adanganye waziwazi, na wengi wa mafundi hawa si waongo. Ni watu wenye magari mengine matano kwenye foleni.

Majimaji ya breki yanastahili aya yake, maana hapa hata spea yenye namba inaweza kudanganya. Yana tabia ya kunyonya unyevu hewani, na pwani kama Tanga au Mombasa unyevu haukosekani. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hushuka kuelekea 140. Kwenye mteremko mrefu majimaji yakichemka hutengeneza mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama mguuni. Watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Sasa, kuna kazi nzima na kuna nusu kazi. Kazi nzima ni kusukuma majimaji mapya kutoka kwenye kikopo cha juu mpaka yatokeze kwenye nipeli za kutolea upepo, gurudumu hadi gurudumu. Nusu kazi ni kunyonya kikopo kwa bomba la sindano na kukijaza upya. Ukifungua boneti, zote mbili zinaonyesha majimaji meupe yanayong'aa, na zote mbili zimetumia chupa iliyotoka stoo. Tofauti iko nyuma ya magurudumu. Kila nipeli ina kofia ndogo ya mpira. Kama kofia zote nne zimefunikwa na tope kavu lililogandia, hakuna aliyezifungua.

Isipokuwa gari limeoshwa. Karakana za wakala zina ukarimu wa kuosha gari kabla ya kulikabidhi, nalo linatoka linameremeta, mteja anafurahi. Ila vumbi ndilo lilikuwa shahidi: alama za vidole kwenye vibanio vya boksi la filta ya hewa, mstari safi pale spana ilipopita, kofia za nipeli. Ninapopeleka gari naomba wasilioshe. Wananishangaa, nami nimewazoea.

Kuna filta moja ambayo maji hayaifikii, ile ya hewa ya ndani, nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Kwenye Toyota nyingi unabonyeza pembe mbili za kisanduku, kinashuka, na filta iko hapo, dakika tano bila spana yoyote. Kwenye karakana moja ya wakala nililipia filta hiyo, na nilipoichomoa jioni ilikuwa ya kijivu, ina majani makavu ya mwarobaini na manyoya ya ndege. Nilirudi na ankara yangu. Stoo walithibitisha kuwa filta ilitoka. Ikapatikana kwenye troli ya kijana, ndani ya boksi lake, haijaguswa. Hakuwa ameiiba. Aliitwa kwenye gari jingine, akatia tiki ili kadi ifungwe, akasahau.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu kuna kazi ambazo simpi fundi wa mtaani hata akinipunguzia nusu. Ya kwanza ni gia boksi za CVT. Mkanda wa ndani hufanya kazi kwa msuguano tu, na msuguano huo hutegemea aina ya mafuta: Toyota wana TC na FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, na mafuta ya kawaida ya gia otomatiki (ATF) yakiingia humo ni mwanzo wa matanga. Nyingi hazina hata kijiti cha kupimia. Kiwango husomwa kwa tundu la chini, injini ikiwaka, mafuta yakiwa kwenye joto alilolitaja mtengenezaji, na joto hilo husomwa kwa kompyuta. Ya pili ni breki za haibridi kama Prius na Aqua, ambazo kubadilisha majimaji yake kunataka programu ya kiwanda iamuru pampu na vali. Kazi hizi hazifanyiki sawasawa bila kompyuta, na wakala anayo.

Kuhusu waranti, gari jipya lina sababu ya kubaki kwa wakala, ingawa hata hilo linategemea nchi. Marekani sheria ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kufuta waranti eti kwa sababu tu sevisi ilifanyika kwingine, na Afrika Kusini ilitoa mwongozo wa kuelekea huko ulioanza kutumika Julai 2021. Lakini wengi wetu tunanunua gari lililokwishatembea Japani, waranti ilishakwisha huko, na kinachobaki ni kibandiko cha oili chenye herufi za Kijapani kwenye nguzo ya mlango. Kwetu wakala hana kamba ya kutufunga. Anauza ujuzi, vifaa na stoo, basi tununue hivyo.

Watu huniuliza pia kama zile kilomita 5,000 za wakala wa huku ni ujanja wa kuuza oili, maana Toyota kwao Japani husema 15,000 kwa injini ya petroli isiyo na tabo. Japani hiyohiyo husema 7,500 kwa matumizi magumu, na foleni ya Dar es Salaam, ambapo injini inanguruma saa nzima na mita ya kilomita haijasogea, ni matumizi magumu. Pale sioni ujanja mkubwa.

Basi ukifika mapokezi, kabla hujakabidhi ufunguo, waambie waandike kwenye jobu kadi kwamba mteja anataka spea zake za zamani ziwekwe kwenye buti: filta zote, plagi, pedi, hata ile washa. Hakikisha wameandika, usikubali "sawa mama" ya mdomo. Hutazifanyia chochote, utazitupa nyumbani. Lakini fundi atausoma mstari huo kabla hajafungua boneti.