Dawa ya Meno na Ahadi Zake: Maswali kwa Watengenezaji

Katika kazi ya kusanifisha istilahi tumezoea kuyapima maneno ya sheria, ya sayansi na ya utawala. Ni nadra kuyapima maneno ya boksi la dawa ya meno, ingawa boksi hilo limo katika nyumba nyingi kuliko kamusi. Mengi ya maneno hayo ni tafsiri, na tafsiri hizo zina kasoro. Kwa hiyo tumeona vema kuwauliza watengenezaji maswali machache, tukitumaini kwamba wafasiri wao nao watasikia.

Swali la kwanza linahusu "kinga ya saa 12". Je, Ndugu Watengenezaji, ni saa 12 asubuhi au saa 12 jioni? Mswahili akisoma saa 12 huwaza macheo au machweo. Kama uliokusudiwa ni muda, iandikwe "kinga ya muda wa saa 12". Tena, matini ya asili aghalabu husema "hadi saa 12". Neno "hadi" limepotelea wapi? Aliyeahidiwa hadi shilingi mia anaweza kupewa kumi na asiwe na la kudai.

Swali la pili: dawa inayo"pambana na kuoza kwa meno" imeshinda au imeshindwa? Timu nyingi hupambana, kisha zikarudi nyumbani na mabao matano. Na pale matini ya asili inaposema kwamba dawa "husaidia kuzuia", kwa nini tafsiri hudai kwamba "huzuia"? Kitenzi kimoja kimeachwa, na kazi yote, ambayo sehemu yake ni ya mswaki na ya mkono wa mwenye meno, imetwikwa dawa peke yake.

Swali la tatu: "weupe mara tatu" ni mara tatu ya nini? Ya jana, ya jirani, au ya dawa ya mshindani wenu? Dawa za namna hii kwa kawaida huondoa madoa ya juu ya jino. Basi semeni "huondoa madoa". Jambo hili si mzaha kwa wakazi wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu kadhaa yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Wengi waliokulia huko wana meno ya rangi ya kahawia, na rangi hiyo imo katika jino lenyewe. Anayeahidiwa weupe atasugua mpaka ufizi utoke damu, na rangi ibaki pale pale.

Swali la nne: "madaktari wengi" wanaoipendekeza dawa hiyo waliulizwa nini? Mwaka 2007, mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza iliamua kwamba tangazo la Colgate, lililosema zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno huipendekeza, lilipotosha. Madaktari walioulizwa walikuwa na ruhusa ya kutaja dawa zaidi ya moja. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika maana ambayo msomaji angeipata.

Swali la mwisho linatuhusu sisi pia. Kiswahili kimekiita kitu hiki "dawa", na jina hilo ni tangazo tosha. Je, kinalistahili? Chenye floraidi ya kutosha, ndiyo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Isiyo na floraidi je, tuiite dawa, au sabuni ya meno? Hata iliyo bora haizibi jino lililotoboka. Mgonjwa aliyeliamini neno "dawa" huenda akanunua boksi la pili badala ya kwenda kwa daktari, na jino ambalo lingeweza kuzibwa likaishia kung'olewa.

Wafasiri hawana budi kuyalinda maneno "hadi", "husaidia" na "baadhi". Ni madogo, lakini yakiondolewa, dai linalopimika hugeuka ahadi isiyotimizika. Majibu ya watengenezaji tutayapokea kwa mikono miwili, hata yakiletwa saa 12, mradi watuambie ni ya asubuhi au ya jioni.