Kabati Lisilo la Kuwekea Vitu

Katika tafsiri kadhaa tulizozisoma, chombo cha maabara cha kushughulikia sampuli zenye vimelea hatari huitwa "kabati la usalama". Istilahi hii ina kasoro mbili.

Kwanza, kwa mkazi wa Tabata, kama kwa Mswahili yeyote, kabati ni la kuwekea vitu. Chombo hiki si ghala. Huvuta hewa kwa mbele ili vimelea visimfikie mfanyakazi, kisha huichuja kabla ya kuitoa. Anayekijaza chupa na makaratasi huziba njia ya hewa, na kinga huvunjika.

Pili, neno "usalama" halisemi ni usalama wa nani. Iko meza ya maabara inayompulizia mfanyakazi hewa iliyochujwa. Hiyo huilinda sampuli tu. Vyombo hivi viwili vikipewa jina moja, atakayefungua makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu kwenye meza hiyo atapuliziwa vimelea usoni.

Jambo hili si dogo. Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Na sampuli za magonjwa ya namna hiyo hupimwa na binadamu wenzetu.

Tunapendekeza "kizimba cha vimelea" kwa chombo cha kwanza, na "meza ya hewa safi" kwa cha pili. Kizimba hupitisha hewa, ila kilichofungiwa humo hakitoki. Walimu na wafasiri walipime pendekezo hili, nasi tutayapokea maoni yao.