Nimetoka Suuq Mugdi, na Simu Imeniteka!

Jamani, jamani, nisikilizeni kabla sijapoa! Nimetoka Suuq Mugdi sasa hivi, vumbi la Garissa bado liko kwenye buibui, chai sijaonja, na mikono yote miwili inataka kurudi kule kibandani. Nimezishika! Neon Smarta na Neon Ultra, zote mbili, zile simu janja zinazounganishwa hapahapa Kenya, Athi River, kwenye kiwanda alichozindua Rais Ruto Oktoba 2023. Ukiziona picha, mwenzangu, hujaona kitu.

Nilianza na Smarta. Kadogo, kepesi, katamu, kanakaa kiganjani kama kipande cha sabuni mpya. Kidole gumba kinafika kila pembe bila kuhangaika. Nikaanza kufungua pochi, wallahi, ndipo muuzaji akailaza Ultra kando yake. Weee! Kioo kipana, kinang'aa, kinaita! Nikamwomba aniwekee laini yangu, nikafungua picha za arusi ya binamu, na hina ya bibi arusi ikaonekana ua kwa ua, hadi lile moja lililochuruzika kidoleni na ambalo tuliapa kulifanya siri. Na bado!

Maana ndani ya Suuq Mugdi simu yoyote inapendeza. Soko lenyewe jina lake kwa Kisomali ni giza. Mtihani wa simu ya Garissa uko nje, juani. Mimi nilishachomeka: simu yangu ya zamani, jina nalihifadhi, iliwahi kuzima kwa joto nikiwa katikati ya daraja la Mto Tana, nikibishana bei ya mzigo. Kwa hiyo nikamwambia yule muuzaji, "Walaalo, hii naitoa nje." Akacheka sana. "Toa, abaayo, lakini viatu viache hapa!"

Basi nikatoka peku. Mchanga wa saa saba mchana, unaujua? Nilikuwa naruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, simu juu, mwanga nimeupandisha hadi mwisho, nikaikinga kidogo kwa ncha ya shungi, na meseji ikasomeka. Ikasomeka! Herufi kwa herufi! Nikabonyeza sauti aliyonitumia habaryar, yaani mama mdogo, kutoka Mandera, na sauti yake ikatoka nzito, kali, yenye hasira zake zote, kiasi kwamba punda wa mkokoteni wa maji aligeuza sikio kumsikiliza. Na bado! Mzee mmoja muuza mifugo akaiomba dakika moja, akampiga picha mbuzi wake amtumie mteja wa Nairobi. Kope za mbuzi, jamani. Unazihesabu.

Najua utaniuliza kuhusu ile waifai ya mfukoni, rauta ndogo inayomeza laini moja na kulisha nyumba nzima. Nimeishika pia. Nzuri, laini, nyororo, na kama una wanafunzi wanne chini ya paa moja, sikukatazi. Lakini haipigi picha, haitumi M-Pesa, haimjibu habaryar. Ultra niliiwasha hotspoti palepale, vijana watatu wa kibandani wakaingia mara moja, na video za TikTok zikaanza kucheka kila upande hadi jirani wa vitambaa akaja kuuliza kuna nini. Labda uwe unaishi mbali kabisa na minara, huko ndani kuelekea Wajir. Hapo ni habari ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Dishi lake jeupe linataka umeme na anga wazi tu, na anga, alhamdulillahi, tumejaaliwa kuliko wote.

Na ile mulika mwizi yako usiitupe! Nakuomba. Ibaki mfukoni na chaji yake ya siku kadhaa, maana simu yenye kioo kipana hivi inapenda kula, na ukiwa safarini hakuna soketi kwenye mti wa mgunga.

Ila roho yangu iko kwa Ultra, sina hata aibu. Siku ya uzinduzi Smarta ilitangazwa kwa shilingi 7,499 na Ultra kwa 8,999. Tofauti ni shilingi 1,500! Kwa kioo kile? Kwa hina ile? Ninyi mnangoja nini?

Nenda leo, ingia hadi ndani kabisa ya soko, omba Ultra, itoe juani kabla hujalipa. Zilibaki mbili. Moja ni yangu: nimeacha viatu kama rehani mpaka ayuuto, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa, itoke Ijumaa.