Uso wa Nyumba Ufipa: Tuige Nini Kutoka Pwani?

Mvua za Ufipa zikiisha, nyumba nyingi mpya za Sumbawanga hubaki na alama ileile. Rangi imebabuka kwenye kozi za chini, lipu imevimba, na ukiigonga inalia kama kitu kitupu. Wengi huita fangasi. Mwenye nyumba humwita fundi akwangue, apige lipu nyingine yenye saruji nyingi zaidi, kisha abandike vigae hadi usawa wa dirisha kama alivyoona Dar es Salaam. Fedha imetumika, lakini maji yamebaki ukutani. Baada ya muda unyevu hujitokeza tena, safari hii juu ya mstari wa vigae, kwa sababu umezibiwa njia ya chini.

Kama ni kuiga pwani, tuwaige wajenzi waliokaa na unyevu kwa karne nyingi. Kuta za Kilwa Kisiwani, na baadaye za Mji Mkongwe wa Unguja, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Jiwe hilo lina vitundu tele. Hunywa mvua, hufyonza unyevu wa ardhini na hubeba chumvi. Mwashi wa zamani hakujaribu kuliziba. Matumbawe yalichomwa juu ya lundo la magogo, chokaa iliyopatikana ikazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga, mara nyingi pamoja na udongo mwekundu. Lipu iliyotokana nayo ilikuwa laini kuliko jiwe, na juu yake ikapakwa chokaa nyeupe. Maji yaliyoingia yaliweza kutoka kwa kukaukia usoni. Chumvi nayo ilikusanyika kwenye lipu, kwa hiyo kilichochakaa kilikuwa lipu. Ilipochoka ilibanduliwa, ikapigwa nyingine, na jiwe likabaki zima.

Saruji ilipochukua nafasi ya chokaa, mpango huo uligeuka. Lipu ya saruji ni ngumu, hainyumbuki, na hupitisha mvuke kidogo sana. Ikikaa juu ya matumbawe, maji hukwama nyuma yake. Chumvi huganda kuwa fuwele ndani ya vitundu, fuwele husukuma, na lipu hung'oka ikiwa imeshika vipande vya jiwe. Ndiyo maana katika miaka ya 1990, Aga Khan Trust for Culture ilipokarabati zahanati ya zamani ya Tharia Topan iliyoko ufukweni mwa Mji Mkongwe, kazi ya chokaa ilirudi mikononi mwa mafundi. Kanuni waliyoirudia ni fupi: uso wa ukuta uwe dhaifu kidogo kuliko mwili wake, na maji yakiingia yapate pa kutokea.

Kanuni hiyo inaweza kupanda hadi Ufipa, ila si kila kitu cha pwani kinapaswa kuja nayo. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hata tukiteremka Kasanga au Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tutakuta joto na unyevu lakini maji ni baridi, hayana chumvi ya bahari. Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Pwani chumvi hupenya zege hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuka. Ndiyo sababu mhandisi wa pwani huzamisha nondo ndani zaidi, hudai skrubu zisizoshika kutu, na huchagua paneli za alumini zenye rangi ya kiwandani. Anayeyanunua hayo yote kwa nyumba ya Sumbawanga analipia ulinzi dhidi ya adui asiyefika huko.

Adui wa Ufipa ni zamu ya maji na ukavu. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mikavu yenye upepo, usiku wa baridi na jua kali la mchana. Ukuta hulowa nusu mwaka na kukauka nusu mwaka, ukitanuka na kunywea. Mwili wa ukuta wenyewe ni laini: tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo. Wafipa hawakuanza jana kuujua udongo na moto. Malungu, matanuri yao marefu ya kuyeyushia chuma, yalijengwa kwa udongo na kufikia kama mita 3, na masalia yake bado yapo. Udongo ulioiva haurudi kuwa tope, ila katika tanuri la tofali si zote zinazoiva. Zilizo karibu na moto huiva vizuri, za pembeni hutoka nusu mbichi, na zote hupakiwa gari moja. Juu ya mchanganyiko huo fundi hupiga lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu. Ni kosa lile la matumbawe, bila chumvi. Lipu hupata nyufa nyembamba kama unywele, mvua ya upepo huingia kwenye nyufa, haina pa kutokea, na udongo ulioshika tofali hulainika.

Kazi nzuri huanzia kwenye tofali. Gonganisha mbili usikie: iliyoiva hulia kwa sauti kali. Kwa uhakika zaidi, pima tofali kavu, iloweke saa 24, uipime tena. Viwango vya India huitaka tofali ya kawaida isinywe maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na kipimo hicho kinahitaji mizani na ndoo tu. Zilizoshindwa zipangwe kuta za ndani.

Kwa lipu ya nje, mchanganyiko unaofaa ni saruji moja, chokaa moja na mchanga sita. Mawe ya chokaa si ya kutafutwa pwani, kwani ndiyo yanayolisha kiwanda cha saruji cha Songwe, karibu na Mbeya. Tofali zilowanishwe kabla, na lipu imwagiliwe siku kadhaa isikaushwe na upepo. Rangi ya mafuta isiguse uso huo, maana hutandaza utando unaorudisha tatizo lilelile. Asiye na fedha ya lipu aache tofali wazi, akwangue udongo wa viungio kwa kina cha sentimita 2 na kujaza mchanganyiko huohuo. Jirani anaweza kudhani nyumba haijaisha, lakini ukuta wa hivyo, ukiwa wa tofali zilizoiva, hukauka vizuri kuliko wenye lipu ngumu.

Chokaa nayo ina gharama. Hukomaa polepole, huunguza macho na ngozi ya asiyejikinga, na huhitaji fundi mvumilivu. Wala haiokoi ukuta unaomwagiwa maji kila siku. Kwa hiyo bajeti ikibana, mpangilio wa matumizi ugeuzwe. Fedha ya kwanza iende kwenye paa linalozidi ukuta kwa sentimita 60 au zaidi, pamoja na gata. Ya pili iinue msingi, itandike karatasi ya nailoni juu yake kabla ya kozi ya kwanza, na ijenge kozi za chini kwa saruji badala ya udongo. Ya tatu inunue tofali zilizoiva. Lipu iwe ya nne, na vigae vya nje vingoje hadi ukuta uwe umepita msimu mmoja wa mvua bila kuvimba. Ukivuka msimu huo ukiwa mkavu, huenda mwenye nyumba akaona havihitaji tena.