Ilhamu na Saa za Kazi: Uhakiki wa Matangazo ya Kidijitali kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Tangazo la biashara ni matini isiyotiwa sahihi. Shairi lina malenga wake, riwaya ina mwandishi wake, hata picha ya mchoraji wa mtaani ina jina pembeni. Lakini tangazo linalotokea kwenye kioo cha simu halina mwenyewe ila kampuni iliyolilipia. Labda ndiyo sababu uhakiki wa Kiswahili hulipita bila kulitazama, au ukilitazama huishia kuorodhesha makosa ya sarufi. Kuorodhesha makosa si vibaya, ila hakuelezi makosa hayo yanatoka wapi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba udhaifu wa matangazo mengi ya Kiswahili yanayotengenezwa kwa kompyuta hautokani na upungufu wa lugha wala wa vipaji. Unatokana na mpangilio wa kazi: nani anaanza, nani anamalizia, kwa saa ngapi, na wazo linazaliwa katika lugha gani.

2. Ilhamu kama kazi

Mwaka 1940 James Webb Young, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo katika kampuni ya J. Walter Thompson, alichapisha kijitabu kiitwacho A Technique for Producing Ideas. Ndani yake alikataa kuiona ilhamu kama muujiza. Kwake, wazo jipya si kitu zaidi ya muungano mpya wa mambo ya zamani, na hupatikana kwa hatua tano: kukusanya malighafi, kuitafuna akilini, kuiacha kabisa, kulipokea wazo linapojileta lenyewe, na mwishowe kulifinyanga mpaka lifae kutumika.

Nadharia hii ina nguvu, kwa kuwa inaiondoa ilhamu mikononi mwa bahati. Hata malenga wa pwani wanaojibizana papo kwa papo hawaanzi patupu. Wamekusanya na kutafuna kwa miaka mingi, na wepesi wao jukwaani ni tunda la kazi ambayo msikilizaji hakuiona. Lakini Young ana upungufu mmoja mkubwa. Anamweleza mtu, haelezi mahali pa kazi. Hatua ya tatu, ile ya kuiacha kazi ilale, inahitaji muda, na kitabu hakiulizi ni nani anayemlipa mfanyakazi kwa saa ambazo anaonekana hafanyi kitu.

Jibu la sehemu lilitolewa na kampuni ya Doyle Dane Bernbach, iliyoanzishwa New York mwaka 1949. Huko mwandishi wa maneno na msanifu wa picha walikalishwa pamoja tangu mwanzo, badala ya mmoja kumpelekea mwenzake karatasi iliyokwisha kuandikwa. Tangazo la gari la Volkswagen la mwaka 1959, lililotungwa na Julian Koenig na kusanifiwa na Helmut Krone, ni ushahidi. Gari dogo limewekwa katika ukurasa mweupe ulio karibu mtupu, na maneno yanamwalika msomaji afikiri kwa udogo. Picha bila maneno ni bubu, na maneno bila picha hayana maana. Umoja huo wa fani na maudhui usingalipatikana kama kila mmoja angefanya kazi chumbani mwake. Kwa hiyo ilhamu ni suala la viti pia: nani ameketi karibu na nani.

3. Kutoka karakana hadi kompyuta

Kongo ina mfano wake. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956 Kinto M'Vuila, alifika Kinshasa akiwa kijana, akajifunza kazi katika karakana za wachoraji wa vibao vya maduka, na mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Kabla ya picha zake kuonyeshwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre mwaka 1989, alizitundika nje ya karakana, wapita njia wakazitazama. Desturi yake ya kuandika maneno ndani ya picha, ambayo imekuwa alama ya sanaa yake, ina lengo la kibao cha duka: kumfanya anayepita asimame na asome. Katika mazingira hayo hatua za Young zilifanyika barabarani. Malighafi ilikuwa mazungumzo ya mtaa, na hukumu ilitolewa na mtazamaji aliyesimama mbele ya picha.

Tangazo la kidijitali lilizaliwa katika mazingira mengine. Tarehe 27 Oktoba 1994 jarida la HotWired la Marekani lilianza kuweka mtandaoni mabango ya biashara, mojawapo likiwa la kampuni ya simu ya AT&T. Bango hilo lilikuwa na upana wa nukta 468 na kimo cha nukta 60, nalo lilimwuliza msomaji kama amewahi kubofya mahali hapo. Tangu siku hiyo kitendo cha kubofya kimekuwa kipimo. Mchoraji wa kibao alimwona mtu akisimama; mtengenezaji wa bango anaona hesabu tu, wala haoni uso.

Mpangilio wa kazi nao umebadilika. Wazo moja likikubaliwa na mteja, hukatwa vipande vingi: bango la nukta 300 kwa 250, la 728 kwa 90, la 160 kwa 600, la 320 kwa 50 kwa ajili ya simu, kisha kila kipimo katika kila lugha. Sehemu kubwa ya siku ya fundi ni kusogeza, kupunguza na kurudia. Hata ujuzi wake hauna usalama. Programu ya Flash, ambayo mafundi wengi waliitegemea kwa mabango yenye mwendo, ilikoma kuhudumiwa mwisho wa mwaka 2020, na aliyekuwa bingwa wake alilazimika kuwa mwanafunzi tena. Katika utaratibu huu hatua ya tatu ya Young haina nafasi, kwa sababu kazi haiachwi ilale hata kidogo. Inatoka kwa fundi mmoja na kuingia kwa mwingine.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na mara nyingi kinaingia mwisho. Nchini Kongo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, lakini Kifaransa ndicho lugha rasmi, na ndicho lugha ya mikutano na mikataba. Wazo likizaliwa katika Kifaransa, picha ikachaguliwa kwa kulifuata, ukubwa wa herufi ukapangwa kwa kulifuata, Kiswahili hubakiziwa tundu la kujaza. Anayelijaza haitwi mtunzi. Anaitwa mfasiri, na analetewa kazi jioni.

4. Mizani ya herufi 30

Inaweza kudaiwa kwamba ufinyu wa nafasi ndio unaoua utunzi. Dai hilo halikubaliki kirahisi kwa msomi wa Kiswahili, kwa kuwa shairi la kimapokeo lenyewe limeishi ndani ya ufinyu: mizani 16 katika mshororo, 8 katika kila kipande, na vina juu yake. Katika matangazo ya utafutaji ya Google kichwa kimoja hakiruhusiwi kuzidi herufi 30, nafasi zikihesabiwa. Sharti hilo ni gumu, lakini si geni kwa lugha iliyozoea kupimwa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kampuni ya simu imekubali kichwa cha Kifaransa: «Gardez le contact, même loin». Kina herufi 28, kinatosha. Mfasiri wa jioni anakifuata neno kwa neno: «Tunza mawasiliano, hata ukiwa mbali». Zimekuwa herufi 35. Sanduku likikata zinazozidi, msomaji anabaki na «Tunza mawasiliano, hata ukiwa», na kitenzi kilichokatwa kinageuka kuwa jina: ukiwa, yaani hali ya upweke na kuachwa. Kampuni iliyotaka kuuza ukaribu imetangaza ukiwa.

Mtunzi aliyeanza kufikiri katika Kiswahili angeweza kuandika «Wa mbali wawe karibu». Hapo kuna herufi 20 na mizani 8 kamili, yaani kipande kimoja cha shairi, na nafasi inabaki. Sentensi hii haikuhitaji kipaji cha ajabu. Ilihitaji mtu aulizwe mapema, kabla tundu halijachongwa.

Suala la lahaja linathibitisha jambo hilohilo. Lubumbashi watu husema feza, pwani husema fedha au pesa. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na kufika Kongo mwaka 2012. Kwa sikio la Mswahili jina hilo ni mali. Kwa msemaji wa Kilingala, pesa ni amri: toa, nipe. Neno moja lenye maana mbili katika nchi moja ni malighafi tajiri, lakini humfaa tu yule aliyepewa saa za kusikiliza watu wanavyosema. Maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya Nairobi au Dar es Salaam na kuletwa Lubumbashi yanaweza kuwa sahihi kisarufi na bado yakasikika kama sauti ya mgeni.

5. Hitimisho

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa: tangazo ni biashara, halikuahidi kuwa fasihi, na mteja hana wajibu wa kulea lugha. Ni kweli. Lakini tangazo linasomwa na watu wengi kila siku, wakiwamo wale ambao hawatafungua kitabu cha Kiswahili baada ya kutoka shuleni. Kwao hicho ndicho Kiswahili kilichoandikwa. Tena, wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaweza kupata riziki yao katika kazi hiyo. Wakiingia humo kama wajazaji wa matundu, watalipwa kama wajazaji wa matundu.

Uhakiki, basi, usiishie kwenye kosa linaloonekana. Uhoji lilipotoka: maneno yaliandikwa kabla ya picha au baada yake, mtunzi alipewa saa ngapi, na lugha ya kwanza ya wazo ilikuwa ipi. Nyenzo za kujibu maswali hayo zimo tayari katika taaluma ya Kiswahili, kwa maana anayejua mizani anajua kupima, na anayejua lahaja anajua kusikiliza. Kinachokosekana ni kiti mezani asubuhi, wakati wazo halijapewa umbo.