Jongoo, Mvinje na Trekta: Jinsi Machimbo ya Bamburi Yalivyopata Udongo

Katika mashamba ya Utange, huku Kisauni, kama katika sehemu nyingi za mwambao wetu, mvinje hupandwa uwe akiba ya fedha: hukatwa ungali mchanga, nguzo zake zikauzwa kwa wajenzi, na muda wote wa kukua kwake humwaga sindano kwa wingi unaowachosha wenye viwanja. Kina mama huzifagia asubuhi kwa fagio za njukuti, huzikusanya pembeni mwa ua, kisha huzitia moto. Na wale waliojaaliwa uwezo, hasa wenye bustani kubwa zielekeazo bahari, huzipitia kwa trekta dogo la kukatia nyasi, lenye visu vizungukavyo chini ya tumbo lake, likazisaga na kuziacha papo hapo ziwe matandazo. Njia hii ya pili ni bora kuliko ya moto, wala sioni haja ya kulibishania jambo hilo. Walakini nayo hukomea nusu ya safari, na ushahidi wa nusu iliyosalia uko jirani kabisa na Utange, katika machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambako kazi ya kusaga sindano za mvinje ilifanywa kwa upana mkubwa pasipo kisu wala injini.

Yafaa kwanza kuijua sindano yenyewe. Mvinje si msonobari, ingawa wengi huudhania hivyo kwa kuufananisha na misonobari ya nyanda za juu, kama ile ya Sao Hill huko Mufindi. Kile tukiitacho sindano ni kijitawi chembamba cha kijani kilichogawanyika kwa vifundo. Ukikishika kwa ncha za vidole na kukivuta taratibu hukatika penye kifundo, na ukipatazama hapo kwa makini utaona duara la vimeno vidogo, aghalabu sita hadi vinane, navyo ndivyo majani ya hakika ya mti huu. Umbile hilo huupunguzia mvinje upotevu wa maji na kuuwezesha kustahimili upepo wa chumvi. Lakini kijitawi kikisha kuanguka, uimara ule ule huwa kizuizi, kwa kuwa kimeshupaa, na ndani yake mna tanini, dutu ile ya ukakasi ipatikanayo pia katika magome ya mikoko, ambayo vijidudu vya kuozesha huikabili kwa shida. Kwa hiyo sindano hukaa juu ya ardhi muda mrefu, tabaka juu ya tabaka, zikizinyima mbegu nyingine nafasi ya kuota, na kaskazi ikipamba moto hukauka kiasi cha kuungojea moto.

Kiwanda cha Bamburi kiliasisiwa mwaka 1951, na saruji yake ya kwanza ikatoka mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa matumbawe ya kale, yaliyogeuka mwamba wa chokaa, na kwa kuyachimba, udongo wa juu uliondolewa pamoja na kila kilichomea juu yake, hata ikabaki sakafu nyeupe ya mawe, yenye joto la kufikia nyuzi 40 mchana, na yenye maji ya chumvichumvi karibu mno na uso wake. Mswisi René Haller, bingwa wa kilimo cha nchi za joto, alikuwa katika utumishi wa kiwanda tangu 1959, akisimamia bustani. Naye alipokabidhiwa jukumu la kuirudishia sakafu ile uhai, alianza mwaka 1971 kwa kupanda aina 26 za miti katika mashimo yaliyotobolewa mwambani. Baada ya miezi sita aina tatu tu zilikuwa zingali hai: mnazi, mti wa damas wa Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliochaguliwa kubeba mzigo mkubwa, na sababu iko mizizini. Katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wa jamii ya Frankia, watwaao naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza iwe chakula cha mti, hivyo mvinje waweza kusimama mahali pasipo na rutuba na kujilisha kwa kile ambacho miti mingi haina njia ya kukifikia. Naitrojeni hiyo hupanda hadi matawini, na matawi yakidondosha sindano, sehemu ya mali ile hushuka nazo hadi sakafuni. Hapo ndipo hesabu ilipokwama: mali ilishuka, lakini ikabaki imefungwa ndani ya sindano zisizooza, miti ikazidi kurefuka huku chini yake mwamba ukibaki ni mwamba uliofunikwa kwa takataka kavu.

Ufunguo ulipatikana kwa jongoo. Haller alimwona akizila sindano zile zile zilizowashinda bakteria: jongoo mkubwa wa pwani yetu, mweusi wa kiwiliwili na mwekundu wa miguu, ambaye wataalamu humwita Epibolus pulchripes, na ambaye kila mtoto wa Kisauni amemwona akijikunja duara baada ya mvua. Wakakusanywa kwa mamia, wakaachiliwa chini ya mivinje.

Yastahili kutua hapa, kwa maana wengi huisimulia habari hii kama muujiza, ilhali ina utaratibu unaoelezeka. Jongoo huikata sindano kwa taya zake hata ikawa chembe ndogo, na hapo hafanyi zaidi ya lile ambalo kisu cha trekta kingefanya. Tofauti huanza pale chembe zinapoingia tumboni, zikalowana, zikachanganyika na vijidudu viishivyo humo, kisha zikatoka zikiwa vidonge vidogo vyenye unyevu, ambavyo ule ukinzani wa sindano umekwisha kupunguzwa na ambavyo bakteria wamekwisha kuanza kuvifanyia kazi kabla havijagusa ardhi. Aghalabu jongoo huvirudia vidonge hivyo akavila tena, na kila mara huvitoa vikiwa laini zaidi. Aidha gamba lake limejengwa kwa chokaa, na sakafu ya matumbawe ina chokaa tele; hivyo mahali palipokuwa adui wa karibu kila kiumbe palimfaa yeye. Sharti lake ni kivuli na unyevu, kwani juani hukauka akafa. Lau angaliletwa kabla ya mivinje, angaliangamia siku za mwanzo. Na lau mivinje ingaliachwa bila yeye, ingalijizika katika sindano zake. Kufaulu kwa Bamburi kulitegemea mfuatano huo, na kwa maoni yangu ndio sehemu ya kazi ya Haller ipasayo kusomwa zaidi kuliko wanyama ambao leo wageni huja kuwatazama huko machimboni.

Sasa turejee kwenye trekta, maana sikusudii kuidharau mashine iokoayo migongo ya watu. Visu vyake, vikifungiwa ndani ya kifuniko kisicho na mlango wa kutemea, huzizungusha sindano mara kadhaa kabla ya kuziachia, na eneo la kuguswa na maji na vijidudu huongezeka sana. Lakini sindano ni nyembamba na za mviringo: zikiwa zimelowa hugandamana chini ya kifuniko na kuzuia visu, na zikiwa ndefu hujisokota kwenye ekseli ya kisu. Afadhali kungojea umande ukauke, kuinua visu juu ili visigonge vichwa vya matumbawe vinavyochomoza ardhini Kisauni, na kuliendesha trekta polepole, kupita mara mbili kwa tabaka jembamba badala ya mara moja kwa tabaka nene. Jambo la hadhari kuu ni moto: vumbi la sindano hujikusanya karibu na ekzosi na kuziba kichujio cha hewa, basi ni wajibu kusimama kila baada ya muda, injini ipoe, na kupasafisha pahala hapo kwa brashi.

Hata hivyo kisu hakina tumbo. Chembe alizoziacha dereva zina tanini ile ile na ukavu ule ule. Zimekuwa ndogo tu. Zikimwagwa uwanjani juani zitakaa kama zilivyo hadi masika, na mwenye kiwanja atakereka, ataita mtu wa kuzifagia, na fagio litazirudisha motoni.

Huko machimboni mboji iliongezeka mwaka hata mwaka, miti ya aina nyingine ikapandwa chini ya mivinje, wadudu na ndege wakafuata. Mwaka 1984 njia ya kutembelea msitu huo ilifunguliwa kwa umma, mahali ambapo leo huitwa Haller Park, na mwaka 1987 Haller aliorodheshwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa miongoni mwa watunukiwa wa tuzo ya Global 500.

Mwenye shamba la Utange hahitaji machimbo wala tuzo. Akiwa na trekta, na azisage sindano katika njia na nyua, kisha azisukume chini ya mivinje yenyewe, penye kivuli, katika tabaka lisilozidi kimo cha kiganja. Azinyunyizie maji wakati wa ukame, na apaache pembe moja ya shamba bila kufagiwa kabisa wala kupigwa dawa ya wadudu. Mvua za masika zikianza, jongoo watatokea wenyewe, na wasipotokea, ataweza kuwaokota barabarani asubuhi na kuwahamishia hapo kwa ndoo. Wauawapo kwa kukanyagwa, kama ilivyo desturi ya watoto wetu, ni vibarua wasiodai ujira wanaopotea, nami ningependa walimu wa shule za Kisauni wawaonyeshe wanafunzi vile vidonge vyao chini ya mvinje, wavisugue vidoleni, na kuvilinganisha na sindano iliyoanguka jana.