Kutoka Kiungo Kifupi hadi Malipo

Kwenye usaili wa usanifu wa mifumo, mhandisi wa programu hupewa sentensi moja, ubao na kama dakika 45. Jibu moja sahihi halipo. Ndiyo maana nawaheshimu sana wanaojiandaa kwa mpangilio, wakianza na swali jepesi na kulikalia mpaka walijue ndani na nje.

Swali hilo mara nyingi ni huduma ya kufupisha viungo vya tovuti, na wengi hulipita mbio. Fundi huanza na hesabu. Viungo vipya milioni 100 kwa mwezi ni kama 39 kwa sekunde. Wanaovifungua wakiwa mara mia, ni karibu 3,900. Kisha alama za kuandikia kiungo kifupi: herufi kubwa, ndogo na tarakimu ni 62, na nafasi saba zinatoa misimbo zaidi ya trilioni 3.5. Halafu linakuja swali dogo ninalolipenda kuliko yote: seva ijibu 301 au 302? Ikijibu 301, yaani anwani imehama kabisa, kivinjari huikumbuka na safari ijayo hakipiti tena kwako. Mzigo umepungua, lakini mibofyo huwezi kuihesabu. Ikijibu 302, yaani imehama kwa muda tu, unahesabu yote, na mzigo wote ni wako. Mtu anajifunza kuchagua nafuu na kulipa gharama yake, tena kwenye kitu kidogo anachoweza kukiona chote.

Baadaye kidogo hufika kwenye ukurasa wa habari za marafiki, na hapo pagumu kweli. Chapisho la mwenye wafuasi 300 unaweza kulinakili kwenye orodha ya kila mmoja papo hapo. Msanii mwenye wafuasi milioni 10 akiandika salamu tu, ni nakala milioni 10! Basi machapisho ya watu wa kawaida husambazwa mapema, ya msanii huchotwa msomaji anapofungua ukurasa. Aliyetulia kwenye viungo tayari anajua kuuliza wanaosoma ni wengi kiasi gani kuliko wanaoandika.

Malipo huwekwa mwishoni, na naona ni haki yake. Huko nyuma kosa lilikuwa ukurasa kuchelewa; hapa ni pesa ya mtu. Mtandao ukikatika kabla jibu halijafika, simu hutuma ombi lilelile tena. Kwa hiyo kila ombi hubeba namba yake ya pekee, na likirudi na namba ileile, mfumo hurejesha jibu la kwanza bila kukata pesa mara ya pili. Msailiwa aliyeiva huiandika namba hiyo ubaoni kabla hajachora seva yoyote.